Kurasa Nne Nilizoziruka

Changamwe, Jumamosi 3 Aprili 1948

Daftari hili nilipewa na Mwalimu Rispa ili niandike habari zangu kwa Kiingereza, mistari kumi kila siku, nizoee. Nimejaribu siku tatu. Kiingereza changu kinajua mawingu tu: leo kuna mawingu, jana kulikuwa na mawingu. Basi mawingu nitamwandikia Mwalimu nyuma ya daftari la hesabu, na hili nitalijaza kwa Kiswahili na kulificha chini ya mkeka.

Mimi ni Kanze, binti Mwarandu, miaka kumi na mitano. Baba anatia mafuta magurudumu ya mabehewa hapa stesheni. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, lakini likifika kooni linakaa chini. Wenzangu wanasema nimemeza kufuli. Nacheka nao. Kucheka si lazima ufungue mdomo sana.

Jumatano 7 Aprili

Mwalimu Rispa ameniita penye kabati. "Wewe husemi," akasema, "lakini macho yako yanasoma hata karatasi za kufungia sukari. Nimekuona." Akanipa kitabu. Jalada la kijani, kinanuka kafuri na mende, kurasa mia mbili na kumi na mbili, Kiingereza kitupu. Kirudi siku ya kufunga shule, na kirudi kikavu. Nilisema asante. Nadhani alisikia.

Ijumaa 9 Aprili

Ni habari za mwanamke mjane anayeishi na mwanawe mdogo kwenye kisiwa cha mawe, nchi ya baridi. Kazi yake ni kuwasha taa juu ya mnara ili meli zisigonge mwamba. Hakuna jambo kubwa lililotokea bado. Theluji inaanguka, yeye anapangusa kioo. Lakini nilipokuwa nasoma leo, nje jua linachoma bati la jirani, mimi vidole vilikufa ganzi. Nikachukua leso mbili nikajifunika mpaka kichwani. Mama akaniona natetemeka, akanishika paji la uso, akaenda kuchuma mwarobaini akachemsha. Ningemwambia nini? Kwamba kuna baridi ukurasa wa kumi na saba? Nilikunywa kikombe kizima. Mdomo bado mchungu. Sijuti.

Jumamosi 10 Aprili

Kila Jumamosi wanawake wa huku kwetu hukutana bandani kwa Hawe Dhahabu kushona makuti, maana masika yakikaribia kila mtu analikumbuka paa lake. Hawe kwetu ni nyanya. Si nyanya yangu, ni nyanya wa kila mtu, na ulimi wake pia ni wa kila mtu. Mama hushona na mdogo wangu Kitsao mgongoni. Mimi napanga fito, na fito zikishapangwa nakaa nyuma ya rundo na kitabu changu.

Leo nilicheka. Sikujua kama nimecheka kwa sauti.

"Kanze."

"Abee, Hawe."

"Unacheka na nani huko nyuma?"

"Si na mtu, Hawe. Kitabu."

"Kitabu kinakuchekesha peke yako, sisi tunakatwa vidole na makuti? Uchoyo huo. Kilete huku mbele."

Nilitoka na kitabu kifuani. Nikafungua, nikaanza. Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unasema Kiswahili, na kati yake sijui ni nani aliyekuwa akifanya kazi. Niliposimama kupumua nilikuwa nimesoma sura nzima, na jua limekwisha hama kutoka mlango huu hadi ule. Nimegundua jambo: ukiwa unasoma, watu hawakutazami wewe. Wanatazama kule unakotazama. Ni kama kujificha mbele ya watu.

Jumamosi 17 Aprili

Jina la yule mjane limewashinda. Kila mmoja analitamka lake.

"Mtoto anaitwa nani?" akauliza Hawe.

"Edwini."

"Basi ni Mama Edwini. Mbona unatutesa, na jina lake lipo." Akavuta kamba kwa meno. "Na huyo Mama Edwini ni mtu wa ukoo gani?"

"Kitabu hakijasema, Hawe."

"Kurasa zote hizo hakijasema? Sasa akifikwa na jambo, habari tutampelekea nani?"

Wote waliacha kushona wakinitazama. Kweli walikuwa wanangoja. Nikasema ana kaka yake ng'ambo ya bahari, tutampata. Kaka huyo nimemtunga mimi. Hawe aliridhika, makuti yakaendelea.

Ijumaa 23 Aprili

Mvua.

Jumatatu 26 Aprili

Mvua. Kitabu nimekifunga kwa gunia na kukiweka juu ya boriti, mahali pekee pasipovuja.

Jumamosi 1 Mei

Leo Selpher amekuja bandani. Ni mke wa Kefa, mshika bendera wa stesheni; kwao ni bara, mbali, hata Kiswahili chake kina mwendo mwingine. Zamani aliitwa kwa jina la mtoto wake, kama wanawake wote wanavyoitwa. Mtoto huyo alikufa masika ya mwaka jana, homa ya siku tatu. Tangu hapo haitwi hivyo. Haitwi chochote hasa. Watu husema "yule wa bara", na akifika wao huzungumza habari za mvua.

Nakiri kuwa mimi nilimwona ana kiburi. Hacheki, hakai karibu. Leo alikaa mlangoni kabisa, nusu yake ndani, nusu yake nje, akashona bila kuinua kichwa. Nilimwona Mama akimhamisha Kitsao kutoka mgongoni hadi mbele, upande asioweza Selpher kumwona. Alifanya polepole, kama mtu anayefunga dirisha bila kutaka lilie.

Jumamosi 8 Mei

Kuna mwanamume wa mashua anayempelekea Mama Edwini unga na mafuta ya taa. Naona anampenda. Hawe hapendezwi na jambo hilo.

"Mwambie asimpokee. Mwanamume anayekuja na unga kila wiki bila wazee, ana yake."

"Hanisikii, Hawe. Ni kitabu."

"Umejuaje? Soma kwa sauti zaidi."

Nikasoma kwa sauti zaidi. Mimi, niliyemeza kufuli.

Edwini naye ana tabia moja: kila meli ikipita, hata ikiwa mbali kama punje ya mtama, anapanda juu ya jiwe na kuitakia asubuhi njema, hata kama ni jioni. Niliposoma hapo nilisikia kicheko mlangoni. Kifupi, kimekatika katikati. Wote wakageuka. Selpher alikuwa ameinamia kuti lake, mabega yakitikisika. Hawe akaniambia, "Rudia hapo pa meli." Nikarudia.

Jumamosi 15 Mei

Selpher amesogea ndani kidogo. Ananiuliza kabla sijakaa: "Mtoto yupo leo?" Namwambia yupo.

Alhamisi 20 Mei

Sipaswi kusoma mbele bila wenzangu, Hawe alishanikataza. Lakini mvua imetufungia ndani siku nne, nami nina macho. Nimesoma.

Edwini anakufa. Ukurasa wa mia na thelathini na moja. Homa ya kifua, bahari imechafuka, mashua haiwezi kuja na mganga. Siku tatu, kama ile ya hapa kwetu. Kisha kurasa zinaendelea, nami nikazisoma huku nimeziba mdomo kwa leso, Mama yuko hatua mbili akipepeta mchele. Sijawahi kumlilia mtu ambaye hayupo. Kinachoniuma na kunifurahisha pamoja, jambo ninaloona aibu kuliandika, ni kwamba nilitaka kulia zaidi. Nilirudi mwanzo wa ukurasa nikasoma tena.

Baadaye nikamkumbuka Selpher.

Jumamosi 29 Mei

Nilipanga usiku kucha nitakavyosema, sikupata. Nimefika bandani, mvua inapiga paa, wote wamejaa ndani, Selpher amekaa karibu nami kuliko siku zote. "Mtoto yupo leo?" Nikasema yupo.

Nikasoma homa inaanza. Nikaona mkono wake umeacha kushona. Umeshika kuti tu. Nikasoma siku ya pili ya homa. Hakupumua, naapa. Nikafika mwisho wa ukurasa wa mia na thelathini, vidole vyangu vikashika karatasi mbili badala ya moja, nikageuza. Nikasema: "Asubuhi jua likatoka, bahari ikatulia, mashua ikaja na mganga, na Edwini akaomba uji."

Wanawake walishangilia. Hawe alisema uji huo uwe wa mtama, ule mwingine hauna nguvu. Mama aliniangalia kwa fahari. Selpher hakushangilia. Alishona mpaka mwisho, akafunga mzigo wake, akaondoka kabla ya wengine.

Nilirudi nyumbani nimefurahi kuwa nimemwepusha. Nimeandika hivyo ili nikumbuke kwamba nilifurahi.

Jumamosi 5 Juni

Uongo una kazi nyingi. Katika kitabu Mama Edwini sasa ni mwanamke aliyefiwa: haongei, hali, anapangusa kioo. Mimi nina mtoto mzima wa afya ambaye kitabu hakina mahali pa kumweka. Leo nimempeleka shule ng'ambo, kwa yule kaka niliyemtunga.

"Bila kumuaga mamake vizuri?" akauliza Hawe.

"Alimuaga, Hawe."

"Hukusoma."

Nikasoma kuaga ambako hakupo. Kulikuwa kubaya, kama tui lililotiwa maji mara tatu. Hawe akanung'unika: "Huyu mama siku hizi amekuwaje? Mtoto kapona, kaenda shule, yeye kakaa kama kinu. Mtu mwenye mtoto hai hakai hivyo."

Selpher hakuja.

Jumamosi 12 Juni

Hakuna makuti, njia imekuwa mto. Namshukuru Mungu.

Jumamosi 19 Juni

Asubuhi nilikwenda kuchota maji bombani. Hakukuwa na mtu ila Selpher, ndoo yake imeshajaa lakini ameiacha hapo chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja." Alisubiri ndoo yangu ianze kupokea maji. "Siku ile uligeuza karatasi mbili pamoja."

Lile kufuli lilirudi mahali pake.

"Nakaa karibu nawe, naona. Mimi nilisoma kwa wamisheni, darasa la tano, nikawa yaya wa watoto wa mama mmoja wa kizungu. Kiingereza changu si kizuri kama chako, lakini ukurasa ukirukwa naujua."

"Sikujua kama unasoma, mama."

"Hakuna aliyeniuliza." Hakusema kwa hasira. "Alikufa, sivyo? Yule mtoto."

Nikatikisa kichwa kukubali. Maji yalikuwa yanamwagika, hakuna aliyefunga bomba.

"Nilijua tangu siku ya kwanza ya homa. Nikajiambia, huyu msichana atasoma. Yeye hana budi, imeandikwa. Nikakaa nikingoja." Akainama, akafunga bomba mwenyewe. "Mwaka mzima nikiingia mahali, watu wanageuza karatasi mbili. Mume wangu pia. Wanarukia mvua, wanarukia bei ya mchele. Hata wewe na kitabu chako."

"Nilikuwa nakuhurumia, mama."

"Najua. Wote wananihurumia." Akajitwika ndoo, akasimama wima chini yake. "Mimi sikutaka kujua kama atapona. Nilitaka kujua mamake aliamkaje kesho yake. Hilo ndilo sijawahi kumsikia mtu akilisema."

Akaenda. Nimeandika yote ninayokumbuka. Mchana nilisema naumwa tumbo, sikwenda bandani.

Jumapili 20 Juni

Nimezisoma tena zile kurasa nne. Ndizo nzuri kuliko zote. Nilizificha zilizo bora, nikawapa uji.

Jumatano 23 Juni

Mvua kidogo. Naogopa Jumamosi. Nikikiri, wataninyang'anya ile sauti.

Jumamosi 26 Juni

Nitaandika polepole.

Wamefika wote. Nilipita kwa Selpher njiani, nikamwambia tu, "Leo sitaruka." Alikuja nyuma yangu. Sikukaa. Nilisimama na kitabu kimefungwa, na bila kitabu kufunguka wote walikuwa wananitazama mimi, uso kwa uso, jinsi ninavyochukia.

"Niliwadanganya," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, nikairudia. "Edwini hakupona. Hakuna shule. Na yule kaka hayupo."

Mwanamke mmoja akasema, "Heh." Mama akainamisha uso.

Hawe Dhahabu hakuacha kushona. "Nilijua ya mtoto," akasema. "Ya kaka ndiyo umeniweza. Soma."

Nikafungua ukurasa wa mia na thelathini na moja. Nilisoma kifo, ni mistari sita tu, kitabu hakikupiga kelele. Kisha nikasoma kesho yake. Anaamka kabla ya kukucha kwa sababu mwili umezoea. Anapanda ngazi, anapangusa kioo, kwa kuwa meli hazijui kwamba mtoto amekufa. Anashuka, anaandaa chai, anaweka vikombe viwili mezani. Anakiona kile cha pili. Hakirudishi rafuni. Anakijaza, anakaa mbele yake mpaka kinapoa. Siku ya nne mwanamume wa mashua anafika, na mama anamwambia, "Edwini angefurahi leo, zimepita meli tatu." Na yule mwanamume anatazama viatu vyake, anasema pepo zimebadilika. Mama anarudia lile jina. Mwanamume anatazama viatu.

Hapo nilisikia Selpher. Hakulia kwa sauti. Alisema, kama mtu anayejibu salamu: "Mimi niliandaa sahani tatu mwezi mzima."

Nikamaliza mistari iliyobaki, nikafunga kitabu.

"Fito chini," akasema Hawe. "Makuti hayashonwi penye msiba."

"Lakini ni kitabu, Hawe," akasema yule wa Heh.

"Na hayo machozi yako ni ya kitabu? Weka chini."

Wote wakaweka chini. Tukakaa kama watu wanavyokaa, miguu imenyooshwa, hakuna anayeharakisha. Mvua ilikuwa imekoma na matone yalikuwa yakidondoka moja moja kwenye ukingo wa paa. Kisha yule yule akauliza, "Sasa huyu ataitwaje? Mtoto hayupo."

"Ataitwa Mama Edwini," akasema Hawe. "Kwani kufa kwa mtoto kunafuta uzazi?"

Alitazama vidole vyake. Sote tulikuwa tumesikia alichosema, naye pia amekisikia. Ilichukua muda. Kisha akageukia mlangoni.

"Mama Simiyu," akasema, "nipitishie hiyo kata ya maji."

Selpher hakusogea. Alikuwa na kata pembeni ya goti lake.

"Mama Simiyu."

"Abee," akajibu. Akachota, akaipeleka kwa mikono miwili, nusu ya maji ikamwagika njiani. Hawe akanywa iliyobaki yote, taratibu, akamshukuru.

Na Mama yangu, ambaye sikumtarajia, alifungua leso, akamtoa Kitsao mgongoni, akamweka pajani mwa Selpher. "Nishikie," akasema, "mgongo umechoka." Mgongo wa Mama hauchoki.

Jumamosi 3 Julai

Jua. Makuti mia mbili. Mama Edwini bado yuko juu ya mnara, na Hawe ameanza kumwonea huruma yule mwanamume wa mashua.

Ijumaa 9 Julai

Shule imefungwa. Jumatano niliwasomea sura ya mwisho, na leo nimekirudisha kitabu, kikavu. Mwalimu Rispa akaniuliza kwa Kiingereza kinasema nini. Nikamjibu, kwa Kiingereza, mpaka kengele ilipolia, na hapakuwa na wingu hata moja katika habari zangu. Akafungua kabati. "Chagua mwenyewe," akasema.

Nikirudi nilimkuta Selpher kando ya reli, anaanua nguo. Akaona kitabu kipya, akauliza kama kuna mtoto. Nikasema bado sijui. Kisha akasema ana ombi.

"Yule wa kitabu ameandikwa. Wangu hajaandikwa mahali, hata kanisani, padri alikuwa safarini. Niandikie."

"Lakini wewe unajua kuandika, Mama Simiyu."

"Najua. Nataka uwe mkono wa mtu mwingine."

Tukakaa kwenye ngazi ya nyumba yao, akaniambia, nami nikasikiliza bila kuruka. Naandika hapa kama nilivyoambiwa:

Simiyu, mwana wa Selpher na Kefa. Kwao ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Aliishi miaka mitatu na miezi minne. Alikuwa na kovu dogo kidevuni kwa kuanguka na sufuria. Hakupenda ndizi. Kila treni iliyopita, ya abiria au ya mizigo, aliisimamia mlangoni na kuiambia shikamoo, na ikipiga honi alijua imemwitikia.

Sasa hivi imepita ya mizigo inayokwenda Miritini. Nimesimama mlangoni, nikaiamkia kwa sauti.